Siti ya Mbele

Mimi tangu nizaliwe siamini kitu kinachokuja kirahisi. Muuza nyanya akiniongezea moja bila kuombwa, naigeuza kwanza kuangalia imeoza upande gani. Mtu akinisalimia kwa furaha iliyozidi, najiuliza anataka kuazima nini. Marehemu mume wangu alikuwa akisema nikifika mbinguni nitamdai malaika kitambulisho, na mimi nilikuwa namjibu kwamba kama ni malaika kweli hatakasirika.

Kwa hiyo kikundi chetu kilipotangaza safari ya kitalii ya bei nafuu, mimi ndiye niliyenuna wa kwanza. Kikundi chenyewe ni cha kufa na kuzikana, akina mama wa mtaa mmoja huku Buhongwa. Mmoja wetu akifiwa, sisi ndio tunaobeba masufuria, turubai na viti vya plastiki. Tunapika, tunaimba, tunalala na mfiwa chini kwenye mkeka, kisha tunarudi makwetu. Sasa mwaka ule Mungu alikuwa ametupumzisha, miezi inapita na hakuna aliyefiwa. Mwenyekiti wetu, mama mmoja ambaye hata akinong'ona anasikika mtaa wa pili, akasimama kwenye kikao akasema kila siku tunasafiri kwenda kulia, safari hii twende tukacheke. Tukodi basi, tushike barabara ya Magu, tule samaki Lamadi, tuingie hifadhini kuona wanyama, jioni turudi.

"Kikundi cha mazishi kwenda kutalii!" nikasema. "Huyo tembo tunakwenda kumwangalia au kumzika?"

Wakacheka, wakapiga kura, nikashindwa.

Kazi yangu ni ushonaji, nina kibanda pembeni ya barabara, zaidi nashona sare za shule. Kwa hiyo nikapewa kushona na magauni ya safari. Kitenge walichochagua kilikuwa cha bluu, kina twiga wakubwa wa njano, shingo zinapanda kutoka kwenye pindo hadi kifuani. Niliwaambia kwa kitenge hiki hatutakuwa watalii, tutakuwa mapazia. Nani anisikilize? Nikashona, kila mmoja na twiga wake.

Aliyefurahi kupita wote ni jirani yangu. Tunapakana ukuta, na kwa miaka mingi tumekuwa tukipokezana chumvi, watoto na umbea juu ya ukuta huo. Yeye anauza dagaa sokoni na kwao ni mkoa wa Mara, kijiji cha ziwani, mbele kidogo ya lango la hifadhi ukielekea Bunda. Mama yake mzazi bado anaishi huko. Tangu safari ilipotajwa, kila kikao alikuwa ananyoosha mkono kuomba basi likate kona liingie kwao, dakika tano tu, mama amwone mwanawe akiwa mtalii. Na kila kikao mwenyekiti alimjibu neno lilelile: "Basi la kikundi si bodaboda."

Hakukata tamaa. Akaja kibandani na kitenge kilekile cha twiga, akataka nimshonee mama yake naye. "Wasiposimama nitamrushia dirishani," akasema. Vipimo je? Akajisimamisha mbele yangu, mikono kaiinua. "Nipime mimi. Mama ni mimi mtupu, ila punguza kiunoni, siku hizi amekonda." Nikapima, nikapunguza. Nilimwambia nguo ya kukadiria haijawahi kumkaa mtu, naye akaniambia mdomo wangu nao haujawahi kumpa mtu moyo.

Na mimi pia nina mama. Anaishi na mdogo wangu wa kiume kijijini, mbali kidogo na Magu mjini, ana kuku wake na majaruba yake ya mpunga. Nilikuwa nimezungumza naye siku mbili kabla ya safari akakohoa kwenye simu, nikamuuliza, akasema vumbi. Kikohozi kile nilikitunza moyoni maana mimi vitu kama hivyo sivitupi.

Siku ya safari basi lilifika limechelewa. Jina la zamani ubavuni lilikuwa limepakwa rangi juu, na mimi basi lililofutwa jina nalitazama kama mtu aliyebadilisha jina. Ndani kulinuka dagaa. Jirani yangu akavuta pumzi akasema, "Harufu ya mshahara wangu hiyo." Nikazunguka nyuma kukagua matairi, na huko nyuma ndiko nilikoona wanapandisha vitu juu ya keria: masufuria yetu makubwa, viti vya plastiki, na turubai limekunjwa vizuri na kufungwa kamba.

"Turubai la nini?" nikamuuliza mwenyekiti.

"Kivuli."

"Na masufuria? Si tunakula samaki Lamadi?"

"Mbona una maswali hivyo, mama? Panda gari." Macho yake yalikuwa mekundu. Nikamuuliza na hayo, akasema mafua.

Nikapanda nikiwa nimemkazia macho. Hapo mlangoni akanishika bega. Mwenyekiti huyu siti ya mbele ni yake, iwe harusini, iwe msibani, hata kwenye mkokoteni angeitaka. Lakini siku hiyo akaielekeza kwa mkono. "Kaa hapo mbele, wewe na mwenzio." Jirani yangu alikwisharuka kukaa, kifurushi cha gauni la mama yake kapakata mapajani kama mtoto mchanga. Akamtania mwenyekiti kwa mazoea tu: "Na kwa mama yangu leo tunapita, au ndiyo si bodaboda?"

"Tutapita," akasema mwenyekiti.

"Dakika tano!"

"Hata tukikaa, tutakaa tu."

Jirani yangu akapiga vigelegele, basi zima likapokea. Mtu aliyekukatalia miezi yote anakukubalia asubuhi moja, tena bila masharti? Nikajua hapa pana jambo, na huyu mwenzangu ametupiwa pipi ili jambo lipite.

Tulishika njia ya Usagara tukakatiza hadi Kisesa, nyimbo zikipanda na kushuka. Mbele kidogo ya hapo tairi likapasuka. Hapo sasa safari ya bei nafuu ikajionyesha: jeki iliyokuwepo ilikuwa ya gari dogo, spea imechakaa kuliko tairi lililopasuka. Dereva akasimamisha malori kuomba msaada. Tukashuka sote na twiga wetu, tukakaa ukingoni mwa barabara, watoto wa shule wakatuzunguka wakitushangaa. Wenzangu wakalaumu dereva, wakalaumu jua, mmoja akatapika kwenye majani. Mimi sikulaumu kitu, nilikuwa namtafuta mwenyekiti.

Alikuwa amejitenga huko pembeni ya shamba la pamba, simu sikioni, mgongo katugeuzia. Nikajifanya natafuta pa kujisaidia, nikapita karibu. Nikamsikia kwa masikio yangu haya akisema, "Tumepata pancha, lakini tunakuja. Hapana, bado hajui. Hajui kabisa."

Nikaitoa simu yangu.

Maana mimi ni mwanakikundi, najua tunavyofanya. Kwetu mtu haambiwi msiba wake akiwa mbali. Anaambiwa mama anaumwa kidogo, twende tukamwone. Anasindikizwa, anachekeshwa, anapewa soda, simu yake inachungwa, mpaka afike mwenyewe asikie vilio. Nilishawahi kumpeleka mwenzetu mmoja hadi Shinyanga namna hiyo, nikimsimulia habari za kuku njia nzima na huku najua baba yake yuko kwenye jeneza. Sasa nikajumlisha: turubai, masufuria, mafua ya mwenyekiti, siti ya mbele. Barabara yenyewe ya Magu. Na kikohozi.

Nikampigia mama. Simu imezimwa. Nikampigia mdogo wangu, ikaita mpaka ikakatika yenyewe. Nikapiga tena, tena, tena.

"Ni hawara gani huyo hapokei?" jirani yangu akaniuliza tuliporudi garini, baada ya dereva wa lori kutuazima jeki. Nikamwambia nyamaza. "Haya, nimenyamaza," akasema, kisha akaendelea kuongea. Alikuwa na karanga za kukaanga, akawa ananijazia kiganjani. Alinisimulia jinsi mama yake atakavyolikataa gauni mbele ya watu na kulivaa wakishaondoka. Nilikuwa namsikia kwa mbali. Kila nilipogeuka nyuma niliona macho ya katibu wetu yako kwetu, na nikimwangalia anayashusha.

Baadaye katibu akaja na soda mbili baridi. "Za hawa wawili hawa," akasema. Basi zima, soda mbili! Jirani yangu akafungua yake akasema leo tumekuwa wageni rasmi. Nikajua kabisa hiyo moja ni yangu, mfiwa, na hiyo nyingine ni ya kuzugia. Sikuinywa. Niliishika mpaka ikachemka mkononi.

Kwenye kizuizi cha polisi askari alichungulia ndani, akaona sare, akainua macho akaona turubai na masufuria. Akavua kofia. "Poleni sana na msiba, akina mama. Piteni."

Gari likaangua kicheko. "Msiba gani, afande! Sisi watalii!" Jirani yangu alicheka mpaka karanga zikampalia, nikampiga mgongoni. Nikageuka kumtazama mwenyekiti. Hakucheka. Katibu hakucheka. Dereva alikuwa anatazama barabara kama anaisoma. Basi, nikasema moyoni, hata askari wa njiani ameona kabla yangu.

Tukavuka daraja la mto Simiyu, na kutoka hapo nikawa nazika. Nilimwona mama kalazwa chumbani kwake, nikaona nani kafunga mlango wa banda la kuku. Nilijipangia hata nitakavyoanguka, kwamba sitaki kushikwa mikono, nishikwe kiuno. Nikamkasirikia. Ndiyo, mama yangu, nilimkasirikia kwa kusema ni vumbi. Na niliwakasirikia hawa walionivalisha twiga ili nikamzike mzazi wangu nikiwa kama pazia.

Magu tukasimama. Dereva akasema ni kuchimba dawa, lakini nikaona katibu anaelekea duka la nafaka, na mara wapagazi wawili wanapandisha gunia zima la mchele kwenye keria, na mkaa, na vitunguu. Gunia zima, safari ya kwenda na kurudi! Nikashuka. Nikamvuta mwenyekiti nyuma ya basi, nikamshika gauni kifuani, pale pale kwenye kichwa cha twiga niliyemshona mwenyewe.

"Niambie. Mama yangu amekufa?"

Akanitazama kama sikusema Kiswahili.

"Niambie! Mimi si mtoto. Nimewasafirisha wangapi na wewe? Mama amekufa saa ngapi?"

"Mama yako?" akasema. "Jamani. Mama yako mzima kwa ninavyojua mimi." Akaangalia kushoto na kulia, akanishika mikono akaitoa kwenye nguo yake. "Si wewe. Ni mwenzio."

"Mwenzangu nani?"

Akainua kidevu kuelekea siti ya mbele.

"Alfajiri ya leo," akasema. "Kaka yake ndiye aliyenipigia. Hakuumwa, alilala tu. Kaka mtu kaomba tumfikishe nyumbani kabla hajajua, na basi lilikuwa limeshalipiwa, njia ni hiyohiyo. Ningefanyaje? Tunajua mimi na katibu tu, na dereva. Tumekuweka pale kwa sababu akianguka, atakuangukia wewe. Hata mtu mwingine hakuna."

Nitasema nilichokisikia, maana uongo hapa haunisaidii. Nilisikia raha. Ilinipanda kutoka kwenye nyayo, ikanijaa kifuani, nikataka kucheka pale nyuma ya basi kwenye moshi wa ekzosi. Mama yangu yu hai! Kisha nikainua macho. Jirani yangu alikuwa katoa kichwa dirishani, ananitafuta. Aliponiona akanyanyua mhindi wa kuchoma, akaukata katikati, akanionyesha kwamba kipande kikubwa ni changu.

"Futa uso," mwenyekiti akasema. "Panda."

Nikapanda. Sijui nilikaaje. Nikala ule mhindi punje moja moja, na kila punje ilikuwa jiwe. Gari likaondoka, wakaanzisha wimbo, yeye akaupokea kwa sauti ya juu kuliko wote. Ndipo simu yangu ikaita. Mama.

"Mwanangu, mbona umenipigia hivyo, kuna nini? Simu ilikuwa dukani inachajiwa. Mdogo wako yuko majarubani." Akaanza kunieleza kuku wake wa madoa ametotoa vifaranga wengi, mwewe anawatolea macho. Nilikuwa nasema ndiyo mama, ndiyo mama, na machozi yananitoka.

"Mama huyo?" jirani yangu akadakia. "Lete nimsalimie!" Akaninyang'anya simu kama kawaida yake. "Shikamoo mama! ... Hatujambo. Tuko kwenye basi, tunakwenda kutalii, mwanao hapa analia, hajazoea raha! ... Ndiyo, na mimi leo namwona wangu, nimemletea gauni, mwanao ndiye fundi. ... Haya mama. Haya, wabeja sana, asante. Zimefika." Akanirudishia simu, akapangusa kioo chake kwa pindo la gauni. "Mama yako anakusalimia. Anasema na mimi nikifika nimsalimie mama."

Kutoka hapo mambo yakageuka. Mimi ninayemshuku kila mtu nikawa naogopa kushukiwa. Akinitazama, nageukia dirishani. Akiuliza swali, najibu haraka mno. Nilimpa kipande changu cha mkate, nikamwambia abadilishe akae dirishani apate upepo. Akanikodolea macho.

"Wewe? Unipe dirisha? Kuna nini leo?"

"Hakuna kitu. Kaa."

"Na unanichekea. Wewe huwa huchekicheki." Alinitazama kwa muda, nikaona linaanza kuja usoni pake, lile lile ninalolijua, la mtu anayejumlisha. Kisha akatikisa kichwa akasema, "Ni kule kulia kwako. Ukilia unakuwa mtu mzuri. Ulie mara kwa mara." Akakaa dirishani.

Lamadi tulipita bila kusimama. Nyuma wakaanza kunung'unika kwamba samaki walikuwa kwenye makubaliano. Tukafika lango la hifadhi, basi likapunguza mwendo, watu wakasimama na simu zao tayari, kisha basi likaongeza mwendo likalipita lango. Hapo ikawa vurugu. "Dereva! Lango hilo! Jamani, tumeibiwa!" Katibu akasema tutarudi, tunaanza mbele. Wanyama tuliowaona siku ile ni nyani waliokaa barabarani wakijikuna, basi. Jirani yangu ndiye aliyesimama kuwatuliza. Akashika chuma cha siti, kifurushi kwapani, akawaambia wasimlaumu mwenyekiti, amefanya hivyo kwa ajili yake, na Mungu atamlipa. "Msinune, shoga zangu. Samaki mtakula kwa mama yangu, tena sato, tena bure. Nyie subirini mwone mama atakavyoshangaa!"

Mwenyekiti alikuwa kajifunika uso kwa mtandio. Nilimchukia na kumhurumia kwa pamoja.

Tukakata kona kuingia barabara ya vumbi. Ziwa likaonekana upande wa kushoto, jeupe kwa jua la mchana, na nyumba za bati zimetawanyika kwenye mawe. Jirani yangu akawa anatuonyesha: pale nilisoma, pale nilianguka kwenye mwamba, kile kisima tulichimba sisi. Nilimshika mkono. Hakuuondoa, ila hakuniuliza. Nyimbo zikaendelea mpaka tulipozunguka kichuguu cha mwisho, na pale tukaona uwanja wa nyumba yao.

Ulijaa watu. Wanaume wamekaa kwenye mabenchi na magogo, wanawake wamejifunga kanga kichwani, moshi unapanda nyuma ya nyumba.

"Mungu wangu, mama huyu!" akasema, na bado alikuwa anatabasamu. "Kawaambia kijiji kizima nakuja na watalii."

Wimbo ulikufa kutoka mbele kwenda nyuma, siti kwa siti, kadiri kila mmoja alivyoona. Basi likasimama. Kule nje mwanamke mmoja akaliona, akaweka mikono kichwani, akaachia yowe.

Jirani yangu hakuwatazama wale wa nje. Alinigeukia mimi. Alinitazama usoni, akashuka hadi mkononi, pale nilipokuwa nimemshika.

"Tangu wapi?" akaniuliza.

"Magu."

"Kabla sijamsalimia mama yako, au baada?"

"Kabla."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeuliza njia akaelekezwa. Akasimama, akarekebisha gauni, akateremka ngazi ya kwanza na ya pili kwa miguu yake. Ya tatu hakuiona. Aliniangukia mimi, kama mwenyekiti alivyosema, na nilimshika kiuno.

Tulifanya tunavyojua kufanya. Turubai likasimamishwa, masufuria yakashushwa, gunia likafunguliwa. Wanakijiji walitushangaa, wanawake wa mjini wenye twiga wa njano, wanalia na kukoroga wali. Wakati wa kumvika marehemu, shangazi mmoja alitoka ndani kuulizia nguo. Jirani yangu akanyoosha kifurushi. Mimi ndiye niliyekifungua, na mimi nikaingia na shangazi ndani. Gauni lilimkaa sawasawa, hata kiunoni. Katika maisha yangu yote ya ushonaji sijawahi kupatia vile bila kupima. Twiga pekee tuliowaona safari ile ni wale, na mmoja akaenda na bibi yule.

Kikundi kipo hadi leo. Safari nyingine ya kitalii hakuna anayethubutu kuitaja. Jirani yangu alikaa wiki kadhaa bila kunisemesha, chumvi akawa ananunua dukani. Kisha asubuhi moja nikasikia ananiita juu ya ukuta kuniomba kiberiti, na nyumbani kwake najua kiberiti hakikosekani. Nikampa.

Siku moja juzijuzi alikuja kibandani kunisaidia kushona vifungo, maana shule zinafunguliwa na kazi zimenizidi. Mama yangu amekuwa dhaifu siku hizi, kikohozi kimerudi, na safari hii hata yeye hasemi ni vumbi. Nikamwambia jirani yangu kitu nilichokuwa nimekibeba muda mrefu. Nikamwambia zamu yangu ikifika sitaki soda, sitaki nyimbo, sitaki siti ya mbele. Aniambie palepale, mlangoni kwangu, kwa mdomo wake. Mwenyekiti simwamini, lakini yeye nitamwamini.

Alishona kifungo hadi mwisho bila kuinua uso. Akakata uzi kwa meno.

"Nitakaa na wewe siti moja," akasema.